Namna ya kuangalia sizoni ya upelelezi inayokwenda taratibu bila kuikimbia episodi ya pili

Wadau habari, niko Kigoma, Mwanga hapa, na hiki ninachoandika nimeshakieleza kwa mdomo mara nyingi mno, maana kila ninayemrushia sizoni za upelelezi za taratibu anarudisha flashi baada ya siku mbili anasema aisee hii haitembei, nimeishia episodi ya pili. Inaniuma kweli. Najua kilichoko episodi ya tisa na ya kumi na mbili, na najua huyu mtu hatakiona tena, na sio kwamba hajui kuangalia, ni kwamba hakuna aliyemwambia hizi zinaangaliwaje. Muvi ya ngumi unakaa tu inakubeba. Hizi hazibebi mtu, unazifuata kwa miguu.

Mfano wangu mkubwa utakuwa ile ya Denmark, Forbrydelsen, msimu wa kwanza. Kesi ni moja tu, binti wa miaka 19 ameuawa Copenhagen, episodi ziko 20 na kila episodi ni siku moja ya upelelezi. Siku 20, episodi 20. Niliangalia na baba yangu mdogo mwaka 2024 na mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwake, japo yeye kabla ya hapo hakuwahi kuangalia sizoni hata moja mpaka mwisho.

Baba mdogo ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Mwaka ule ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, sasa mtu aliyezoea kutoka jioni na kurudi alfajiri miaka yote akajikuta yuko nyumbani usiku na usingizi hauji. Akawa anakuja kwangu. Mwishoni mwa Julai nikamwekea hiyo, mimi namsomea yale maandishi ya chini kwa sauti ndogo kwa Kiswahili. Episodi ya kwanza ikafika sehemu wazazi wa marehemu wako nyumbani kwao tu, hakuna anayeongea, mimi nikanyoosha mkono kwenye rimoti nisogeze mbele nikidhani mzee anaboreka, akanishika mkono. Akasema, "Acha mwanangu, acha taa iwake."

Kwa wasiojua uvuvi wa kwetu: wavu unashushwa chini, taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai siku hizi za sola na betri, halafu mnakaa. Mnakaa masaa. Wale wadudu wadogo wa majini wanafuata mwanga, dagaa wanawafuata wadudu, migebuka wanawafuata dagaa. Ukivuta wavu mapema unapandisha maji. Kwa hiyo yeye kukaa kimya mbele ya kitu ambacho kwa juu hakionyeshi chochote haikuwa mateso, ndo kazi yake tangu ujana, na alijua kwamba chini kuna vitu vinasogea.

Na hapo ndo penyewe. Watu wengi wanaangalia hizi sizoni wakiwa na swali moja tu kichwani, nani kaua. Ukiwa na swali hilo peke yake basi dakika yoyote isiyolijibu unaona imepotea, na kwenye episodi 20 jibu lenyewe linachukua dakika chache tu za mwisho, maana yake umejiandalia masaa karibu 20 ya kukasirika. Badilisha swali. Kila episodi ingia na swali hili: hiki kifo kimemfanyia nini nani leo? Hilo linajibiwa kila siku, na majibu yake ndo yanakupeleka taratibu kwa muuaji bila wewe kusukuma.

Sasa twende kwenye namna yenyewe.

Usianze na ya episodi 20. Hapa ndo watu wanaharibu, mtu hajawahi kuangalia hata moja ya taratibu anachukua ndefu kuliko zote kwa sababu kasikia inasifiwa. Anza na Broadchurch, ya Uingereza, msimu wa kwanza wa mwaka 2013, episodi 8 tu na kesi inaisha humo humo. Mtoto wa miaka 11 anakutwa amekufa ufukweni kwenye kamji kadogo ka pwani ambako kila mtu anamjua mwenzake. Mtu wa Ujiji au Katonga ataielewa bila kufundishwa, kwa sababu tunajua mtaa unavyobadilika likitokea jambo, jana mnasalimiana vizuri na leo mtu akipita watu wanashusha sauti. Nusu ya ile hadithi ni hiyo, jinsi macho ya mtaa yanavyoweza kummaliza mtu ambaye hakuna aliyemthibitishia kosa. Na jambo la kukusaidia: waigizaji wengi wa ile sizoni wenyewe hawakuambiwa muuaji ni nani mpaka karibu na mwisho wa kurekodi. Kwa hiyo usijisumbue kuchungulia nyuso zao ukitafuta anayeficha kitu, angalia mambo wanayoyafanya, nani kaenda wapi, nani hakupokea simu, nani kafuta kitu.

Kabla hujabonyeza plei jua idadi ya episodi na jua kama kesi inaisha kwenye msimu huo huo. Hiyo sio kuspoili, ni sawa na kuuliza basi linafika saa ngapi Kasulu kabla hujapanda. Kuna watu waliumizwa sana na hili: Wamarekani walipotengeneza ya kwao kutoka kwenye ile ya Denmark wakaiita The Killing, mwaka 2011, episodi 13 zikaisha na muuaji hakutajwa, jibu likaja mwaka uliofuata mwisho wa msimu wa pili. Watazamaji walikasirika mno na mimi nawapa haki, kwa sababu walikuwa wameahidiwa kitu kichwani mwao na hakuna aliyewaambia safari ina urefu gani. Uvumilivu bila kujua mwisho uko wapi unachosha hata mtu mwenye moyo.

Halafu punguza kasi yako mwenyewe. Episodi moja kwa usiku, ikizidi mbili, na sio tano mpaka saa tisa usiku macho mekundu. Ukizilundika hizi za taratibu zinakuwa nzito kama ugali wa muhogo wa jana, unaona kila sini imefanana na nyingine, mvua, korido, mtu anavua koti, mvua tena, na utasema haina hadithi kumbe umekula bila kutafuna. Wadenmark wenyewe mwaka 2007 walionyeshwa episodi 10 za mwanzo kuanzia Januari, moja kwa wiki, zilivyoisha wakakatishwa, wakasubiri mpaka mwezi wa tisa ndo zikaja 10 za pili. Fikiria kukaa karibu nusu mwaka hujui. Hawakufa, na siku za katikati ndo walikuwa wanabishana kazini na majumbani nani na nani, na ule ubishi ni sehemu ya utamu wake. Ukimaliza episodi leo usiwashe nyingine, zima, kaa na mwenzako dakika kumi muongee. Kama uko peke yako osha vyombo huku unaiwaza.

Umeme ukikatika katikati, au Luku ikaisha, ukirudi usiendelee pale pale ulipoishia. Rudisha nyuma dakika tano. Hizi hadithi zinajenga pumzi, ukiingia katikati ya pumzi utaona watu wamekaa tu, hujui kwa nini mikono inatetemeka.

Sasa hili la kusogeza mbele na kuongeza spidi, naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo kuna kazi yote. Wengi wetu huku tulianzia kwenye vibanda vya video, muvi zimetafsiriwa, mtafsiri anaongea mwanzo mwisho, stelingi akinyamaza yeye anajaza, adui akivuta sigara yeye anakwambia anachopanga. Ile ni raha na ni kipaji, nimekulia humo na nawaheshimu sana wale watu. Ila ilituachia mazoea kwamba kimya ni nafasi tupu inayosubiri mtu aijaze, na hizi sizoni zimeweka vitu vyao vya maana ndani ya kimya. Ukiangalia kwa spidi ya moja na nusu maneno utayapata yote, ila utakosa ule muda ambao mama anaangalia kiti cha mwanae kwa sekunde kumi halafu anakisogeza kidogo, na ule ndo ulikuwa msiba wenyewe, maneno yaliyofuata yalikuwa ya kawaida tu.

Kuna Twin Peaks, ile iliyorudi mwaka 2017, ndani yake kuna sini mtu anafagia sakafu ya baa. Anafagia tu. Zaidi ya dakika mbili, kamera iko mbali imetulia, muziki unapiga, yeye anafagia takataka anazikusanya. Mara ya kwanza nilikasirika mno mpaka nikasimama. Mara ya pili nikafanya kitu ambacho sasa nakifanya kila ninapokutana na sini ya namna hii, na nakushauri ukifanye: jiulize ni nini nimeonyeshwa kabla ya hapa, jiulize huyu mtu ana haraka au hana, halafu jiulize mimi mwenyewe muda huu nawaza nini. Hilo la tatu ndo la muhimu. Mara nyingi sini imekuachia nafasi makusudi ili ile uliyoiona dakika tano zilizopita ikuingie, na ukitulia utashangaa unakumbuka kitu ulichokipita.

Chukua daftari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kila mhusika mpe ukurasa wake, chora mstari katikati, kushoto andika alisema alikuwa wapi, kulia andika kumbe alikuwa wapi. Upande wa kulia unaacha wazi mpaka uje ujazwe wenyewe. Kwenye Forbrydelsen karibu kila mtu anasema uongo kuhusu ule usiku, na wengi wanadanganya kwa sababu ambazo hazihusiani na mauaji, wanaficha aibu zao nyingine, na bila daftari utachanganya mwongo na muuaji.

Majina ya kigeni yakikusumbua wape majina yako. Baba mdogo alimwita yule mpelelezi Sarah Lund "Sweta" kwa sababu ya ile sweta yake ya sufu ya visiwa vya Faroe ambayo anaivaa siku nenda rudi, baba wa marehemu mwenye kampuni ya kuhamisha mizigo akawa "Mzee wa Malori", yule mwanasiasa anayetaka umeya akawa "Mgombea". Tulimaliza episodi zote bila kuchanganya mtu hata mmoja. Kwa sizoni zenye koo nyingi kama Dark ya Wajerumani, episodi 26 kwa misimu mitatu, daftari sio hiari, chora ukoo mzima tangu siku ya kwanza na uache nafasi kubwa pembeni, utakuja kunishukuru.

Jambo lingine linalowachosha watu ni zile sehemu ambazo haziko kwenye kesi. Forbrydelsen ina nyuzi tatu, polisi, familia ya marehemu, na siasa za uchaguzi wa jiji la Copenhagen. Ule uzi wa siasa watu wanausogeza mbele, wanasema sisi tunataka upelelezi. Usiuguse! Mgombea anapokuwa mtuhumiwa unaona jinsi ukweli unavyonunuliwa, unavyocheleweshwa, nani anaficha faili na kwa faida ya nani, na huwezi kuelewa kwa nini polisi wanakwama kama hujui kule ukumbini kuna watu wanaombea wakwame. Na ule wa familia mimi ndo naupenda kuliko yote. Sizoni nyingi maiti ni kitu cha kuanzishia hadithi tu, ikishaonyeshwa imesahaulika. Hii inakaa na baba na mama siku zote 20, inawaonyesha wanavyonunua jeneza, wanavyoshindwa kulala, wanavyogombana kwa kitu kidogo. Nani kwetu hajakaa matanga? Tunajua kwamba siku ya nne watu wameshaondoka ndo maumivu yanaanza. Hiyo sizoni inajua hivyo pia, na inahitaji muda kukuonyesha, haiwezi kukuonyesha kwa dakika tatu.

Kuhusu watuhumiwa: ukiona katikati ya safari kila kitu kinamwelekea mtu mmoja, ushahidi wote, na zimebaki episodi nyingi, basi karibu kila mara sio yeye. Watu wakishagundua hilo wanasema aaah wanatuzungusha tu, wanaacha kumjali. Kosa. Yule mtu aliyeshikwa bure angalia anavyorudi mtaani kwake baada ya kuachiwa, angalia nani anamsalimia na nani anavuka barabara. Sini za namna hiyo usizikimbilie.

Kama mnaangalia wengi wekeni sheria mapema. Sisi sebuleni tulikuwa mimi, mke wangu, baba mdogo, na shemeji yangu akija wikiendi. Watoto wanalala kwanza, hizi sio za watoto. Simu zinakaa kwenye kapu, maana mtu akishika simu dakika moja anaanza kuuliza huyu ni nani tena na mnarudisha nyuma mara sita. Hakuna kutafuta mwisho kwenye mtandao. Episodi ya tano kila mtu anaandika kwenye karatasi jina la anayemshuku na sababu, mnakunja mnaweka ndani ya kopo, ikifika ya kumi mnaruhusiwa kubadilisha lakini karatasi ya zamani haitoki. Hii kitu inasaidia uvumilivu kuliko ushauri wowote, kwa sababu sasa hata sini ya mtu anakunywa chai una jambo la kuitafutia, unaangalia kama inaibeba karatasi yako au inaichana. Shemeji alikuja akasoma mwisho huko mtandaoni na akataja kwa bahati mbaya mbele ya mke wangu, na ilimuharibia kabisa, aliendelea kukaa na sisi ila macho yalikuwa yameshaondoka. Mlindeni mwenzenu jamani, hicho kitu hakirudishiki.

Mtu ataniambia, kwani wakitaja muuaji mapema kuna ubaya gani? Lilishafanyika. Ile Twin Peaks ya kwanza ilianza Aprili 1990, Marekani nzima wakawa wanauliza nani kamuua Laura Palmer, na watengenezaji David Lynch na Mark Frost hawakuwa na haraka ya kulijibu. Kituo cha televisheni kikawabana, watazamaji nao wanapiga kelele, jibu likatoka Novemba mwaka huo huo msimu wa pili ukiwa bado uko njiani. Baada ya hapo watu wakaanza kupungua na Juni 1991 ikafungwa. Lile swali ndo lilikuwa nguzo, walipoling'oa nyumba ikalala.

Lakini sisemi uvumilie kila kitu, kuna sizoni ambazo sio za taratibu, zimekwama. Tofauti unaipata hivi: episodi ikiisha mwambie mtu kwa sentensi mbili kitu gani kimebadilika, sio kimetokea, kimebadilika. Fulani alikuwa anamuamini mumewe sasa hamuamini. Fulani alikuwa anataka kuondoka sasa anabaki. Kama episodi tatu mfululizo huna sentensi hata moja, na wanaokota vidokezo vipya kila mara huku vya zamani wamevisahau, basi achana nayo, hujashindwa wewe. Na kama sentensi unazo ila bado unachoka, angalia unaiangalia saa ngapi. Mtu katoka sokoni au bandarini tangu alfajiri, saa nne usiku anawasha kitu chenye kimya kingi, lazima alale. Hizo ziweke Jumapili mchana, pazia umeshusha.

Sisi tulienda hivyo, moja kwa usiku na siku nyingine hatuangalii. Ziwa likafunguliwa 15 Agosti lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na mbalamwezi dagaa hawaji vizuri kwenye taa, kwa hiyo baba mdogo akawa bado anakuja jioni baada ya kushona nyavu. Mwisho wa mwezi giza likarudi, akaingia ziwani, na tulikuwa tumebakiza episodi nne. Episodi nne jamani, za mwisho. Mke wangu akataka tumalizie, akasema tutamsimulia. Nikampigia simu baba mdogo Kibirizi kumuuliza, nikasikia injini zinawashwa nyuma yake, akasema msinisimulie kitu mimi, nisubirini mwezi ujae.

Nikachomoa flashi nikaiweka juu ya kabati, pamoja na lile kopo la karatasi. Katikati ya Septemba mwezi ukajaa. Alikuja saa mbili usiku na migebuka miwili ya kukaanga, akakaa kwenye kiti chake, akauliza Sweta tulimwacha wapi.